Kikohozi cha Kijiweni

Mbalizi ni mji wa barabara. Malori ya Tunduma na Zambia hupita katikati yake, na vijana wengi wanaishi kwa barabara hiyo: bodaboda, wapiga debe, wabeba mizigo. Usiku hulala wawili watatu chumba kimoja, na kwa baridi ya Mbeya dirisha halifunguliwi. Kifua kikuu (TB) hakihitaji zaidi ya hapo. Mgonjwa anakohoa, chembechembe zenye bakteria zinaelea hewani, wenzake wanazivuta.

Si kila aliyevuta ataugua. Mwili wenye afya huwadhibiti bakteria hao, wakalala ndani kwa miaka; kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 ndio huugua maishani mwao. VVU na lishe duni huwaamsha. Chanjo ya BCG ya utotoni humlinda zaidi mtoto mdogo, hivyo kwa kijana kinga kubwa ni kumpata mgonjwa mapema, kabla kijiwe kizima hakijaambukizwa.

Ila kijana mwenye nguvu haendi zahanati kwa sababu ya kikohozi. Hununua dawa dukani akarudi kazini, maana siku bila kazi ni siku bila chakula. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii humfuata hukohuko, saa ambazo abiria ni wachache. Umekohoa wiki mbili? Homa za jioni? Jasho la usiku? Suruali imeanza kulegea? Anayejibu ndiyo hupewa kikopo cha makohozi. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi, na dawa za miezi 6 ni bure.

Mhudumu huyo ni jirani yao, na ujirani huo una makali yake. Wapo wanaodhani kila mwenye TB ana UKIMWI, na mhudumu akionekana mara mbili mlangoni kwa kijana, maneno huanza. Mhudumu mzuri huongea na kijiwe chote, kikopo akakitoa faraghani.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Ningependa wengi wao wawe rika la bodaboda. Maana mgonjwa akipatikana, waliokaa naye karibu huchunguzwa, na wasiougua wanaweza kupewa dawa za kinga, nyingine za kumezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Ukimuuliza kijana habari za familia, atakutajia mama aliyeko kijijini Ileje. Anayelala naye godoro moja hapa Mbalizi, anayemjua ni mhudumu wa mtaa ule.