Msimbo wa Gray (2): Alama ya Tatu Inapoingia

Katika sehemu ya kwanza tulisema kwamba kuhesabu kwa sifuri na moja kunaweza kukipotosha kifaa. Kwa aliyeikosa, nirudie kidogo kwa mfano wa huku kwetu pwani.

Chukua mshale wa upepo wa aina inayofungwa kwenye vituo vya hali ya hewa. Chini yake kuna diski yenye duara sita za matundu, na kila duara husomwa kwa mwanga: sifuri au moja. Biti sita hutoa vipande 64, kila kimoja nyuzi 5.6 hivi. Tukianza kuhesabu kwa sifuri kaskazini, mpaka wa kipande cha 31 na cha 32 unaangukia nyuzi 180, kusini kabisa. Kwa hesabu ya kawaida 31 ni 011111 na 32 ni 100000, kwa hiyo biti zote sita zinageuka kwa mpigo mmoja. Hakuna fundi awezaye kutoboa diski ambayo matundu yake sita yatakutana na mwanga kwa wakati uleule. Moja ikiwahi na nyingine ikichelewa, kifaa kinaweza kusoma 000000, yaani kaskazini. Malindi ikivuma kusi, na mshale ukitetemeka kwenye mpaka huo, daftari litaandika kaskazi katikati ya Julai.

Frank Gray, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, aliomba hataza ya dawa yake mwaka 1947 na akapewa mwaka 1953. Katika orodha yake 31 ni 010000 na 32 ni 110000. Imegeuka biti moja tu, na msomaji akichelewa kuiona, kosa lake ni la kipande kimoja. Wengine walimtangulia: Émile Baudot alitumia mpangilio wa namna hii kwenye simu ya maandishi huko Ufaransa miaka ya 1870, na Louis Gros aliutumia mwaka 1872 kueleza fumbo la pete za Kichina. Jina la Gray ndilo lililobaki.

Vitabu vingi vya programu huishia hapo, kwenye sifuri na moja, na kwa maoni yangu humnyima mwanafunzi sehemu tamu kuliko zote. Je, alama zikiwa tatu, au kumi, au zikiwa si tarakimu kabisa?

Twende Kaloleni, kwenye mashamba ya minazi kando ya barabara ya Mariakani kwenda Mavueni. Tuseme mkulima ana ngwe mbili chini ya minazi, na mazao matatu: mahindi (M), ufuta (U) na kunde (K). Anataka kupitia mipangilio yote tisa, na kila msimu abadilishe ngwe moja tu ili asibebeshwe mbegu na jembe jipya pande zote mbili. Hiyo ni kazi ya msimbo wa Gray, na alama zake ni mazao.

Njia ya kwanza ni kuakisi. Ngwe ya pili inapanda ngazi M, U, K. Ikifika mwisho, ngwe ya kwanza inasogea hatua moja, kisha ya pili inateremka ngazi ileile kinyumenyume. Tunapata MM, MU, MK, UK, UU, UM, KM, KU, KK. Kila hatua ni badiliko moja.

Lakini tazama mwisho wa orodha. Kutoka KK kurudi MM, ngwe zote mbili lazima zibadilike. Alama zikiwa shufwa, orodha ya kuakisi hujifunga yenyewe kwa badiliko moja. Zikiwa witiri, haijifungi. Tena, kutoka UU kwenda UM mkulima amepanda mahindi mahali palipotoka ufuta, ilhali alitaka mahindi yafuate kunde, kwa sababu jamii ya kunde huacha naitrojeni udongoni.

Njia ya pili ni kuzungusha: baada ya K inafuata M, na hakuna kurudi nyuma kamwe. Orodha inakuwa MM, MU, MK, UK, UM, UU, KU, KK, KM, kisha MM tena. Imejifunga, na kila badiliko limefuata mzunguko uleule wa mahindi, ufuta, kunde. Mahindi hayaingii popote ila mahali palipotoka kunde. Kasoro ipo: ngwe ya kwanza inakaa na zao moja kwa misimu mitatu kabla ya kuguswa.

Kwa alama mbili tu, kuakisi na kuzungusha hutoa orodha ileile, neno kwa neno. Njia hizi huachana alama ya tatu inapoingia, na kuanzia hapo mwandishi wa programu lazima achague. Alama zenyewe hazimsaidii, kwa sababu ufuta hauna asili ya kuwa "kabla" ya kunde. Mpangilio anauleta yeye, kwa kujua kazi inataka nini.

Kuandika programu ya kuakisi si kazi. Kila nafasi ipe namba ya alama, ukianzia 0, na mwelekeo, mbele au nyuma. Anza nafasi ya kulia kabisa. Ikiweza kusogea upande wake bila kutoka nje ya orodha, isogeze na utoe jibu. Ikishindwa, igeuze mwelekeo na uhamie nafasi ya kushoto kwake. Ukipita ya mwisho kushoto, umemaliza. Programu haihifadhi orodha nzima, nalo ni jambo kubwa: alama tano katika nafasi kumi ni mipangilio 9,765,625.

Kuzungusha ni hesabu tupu. Andika namba ya msimu kwa msingi wa idadi ya alama, kisha kwenye kila tarakimu toa jirani yake wa kushoto, na uchukue baki ya kugawanya kwa idadi ya alama. Msimu wa 5, tukianzia sifuri, ni 12 kwa msingi wa tatu: ya kwanza inabaki 1, ya pili ni 2 kutoa 1, yaani 1. Jibu ni UU. Msimu wa 3 ni 10, na 0 kutoa 1 ni hasi moja. Python itakupa baki ya 2, lakini C na Java zitakupa hasi moja, hivyo ongeza tatu kwanza.

Alama zako ziweke kwenye orodha, usizibandike kuwa neno moja. Mwenye kutumia herufi za Kiswahili akiweka n, g na ng' kama alama tatu, kisha akaziunganisha, hatajua tena "ng" ni alama mbili au ni moja iliyopoteza ritifaa.

Wiki ijayo tutatazama orodha ambazo alama hazibadilishwi bali hupishana na jirani, kama walivyofanya wapiga kengele wa makanisa ya Uingereza katika karne ya 17.