Msee wa Mjengo Aliyepaa Kama Ndege Japan, Akaamka na Dhahabu Mbili: Hii Ndio Stori ya Hermann Maier

Uliza mtu yeyote mtaani kuhusu mbio za kuteleza kwa theluji, atakuambia hiyo ni michezo ya masonko wa majuu. Na enyewe si uongo sana, hiyo spoti inakula chapaa. Lakini mmoja wa wakali zaidi kuwahi kuvaa ski alikuwa msee wa mjengo. Mjengo wenyewe, si wa kuimbiwa: kubeba mawe, kukoroga simiti, jioni mgongo unalia. Jina ni Hermann Maier, na kwao Austria hata watoto wanamjua.

Alizaliwa Desemba 7, 1972, akakulia Flachau, kijiji cha milimani huko Salzburg. Mzae wake alikuwa na shule ya kufunza watu ski, kwa hivyo mtoto alianza kuteleza akiwa mdogo sana. Akiwa tineja akaingia chuo cha ski kule Schladming, mahali mabingwa wa Austria hupikwa. Shida ni mwili. Alikuwa mdogo na mwembamba kuliko wenzake, tena magoti yalikuwa yanamsumbua. Akiwa na miaka 15 akaambiwa arudi nyumbani. Yaani hapo ndoto ilikuwa imezimwa, na taa ikatolewa.

Akarudi Flachau, akashika mwiko. Kiangazi ikiwa, yuko mjengo anapanga matofali. Baridi ikiingia, anafunza watalii ski kwa shule ya mzae. Maisha ikaenda hivyo miaka kadhaa. Kitu yenye watu hawakuona ni kwamba mawe ilikuwa inamjenga. Yule kijana mwembamba akapata mabega na mapaja ya mtu wa kuvuta lori, na wikendi bado alikuwa anakimbia mashindano ya kimkoa, hakuna kamera, hakuna doh ya maana.

Sasa shika hii. Januari 1996, Kombe la Dunia la ski likakuja Flachau, kwao kabisa. Kabla mbio ianze huwa kuna wasee wanateremshwa kwanza ndio njia ijulikane iko fiti. Hawahesabiwi, hawapewi pointi, ni kama wale hutumwa kuangalia kama soda iko baridi. Maier akapewa hiyo kazi, miaka 23. Akateremka. Walipoangalia saa, muda wake ungemweka nambari 12 katikati ya wakali wa dunia. Makocha wa Austria wakaanza kuulizana huyu ni nani. Msimu huo huo akaenda kukimbia Kombe la Ulaya na akalibeba lote. Februari 1997, huko Garmisch, Ujerumani, akashinda mbio yake ya kwanza ya Kombe la Dunia.

Wacha nikuchoree vile hii spoti inaenda, maanake bila hiyo hutashtuka vizuri. Kuna daunhili, hiyo ni kushuka mlima wima, mwendo unaeza pita kilomita 120 kwa saa, na wewe umevaa tu nguo ya kubana na helmeti. Kuna supa-ji, ambayo iko karibu na hiyo lakini kona ni nyingi. Halafu slalomu kubwa na slalomu ya kawaida, hizo ni kona juu ya kona, ukiruka geti moja umeishia. Mshindi hupatikana kwa vipande 100 vya sekunde. Kwa Kombe la Dunia ushindi ni pointi 100, wa pili 80, wa tatu 60, mpaka wa 30 anayepata moja. Msimu ukiisha, mwenye pointi nyingi kwa mbio zote ndiye anachukua kombe kubwa. Wengi huchagua kona ama mwendo. Maier alikuwa anakuchapa kwa daunhili, kwa supa-ji, na kwa slalomu kubwa.

Twende Nagano, Japan, Olimpiki ya 1998. Tarehe 13 Februari, na ilikuwa Ijumaa, siku yenye Wazungu wanaogopa kama bundi kwa paa. Daunhili. Maier ndiye alikuwa anapigiwa debe na kila mtu. Sekunde chache tu baada ya kuanza, kwa geti la saba, akaingia kona na mwendo mwingi kupita kiasi. Upepo ukamwinua. Buda, huyo mtu alipaa. Picha ziko, mwili umelala hewani kama mtu amelala kwa kochi, ski zinaangalia kwingine, chini hakuna kitu. Akatua kwa kichwa na bega, akabingirika, akapasua neti mbili za usalama, akazama kwa theluji laini nje ya njia. Watu walidhani wameona mtu akifa laivu.

Akaamka. Akajipanguza, akapunga mkono. Goti na bega zilikuwa zimeumia, lakini hakuna mfupa umevunjika. Dhahabu ya siku hiyo ikaenda kwa Mfaransa Jean-Luc Crétier.

Hapa hali ya hewa ikamfanyia wema. Supa-ji ilifaa kuwa kesho yake, lakini ikasongeshwa mbele, akapata muda kidogo wa kupoza goti. Tarehe 16, siku tatu baada ya ile ajali, akasimama tena juu ya mlima. Akashinda. Tarehe 19, slalomu kubwa, akashinda tena. Dhahabu mbili ndani ya wiki moja ambayo ilianza na yeye akiwa kwa neti kama samaki. Wakamwita Herminator, wakichanganya jina lake na ile filamu ya Mwaustria mwenzake, Arnold Schwarzenegger.

Na si tu Waaustria walikuwa na sababu ya kuangalia Nagano. Hapo hapo kulikuwa na Philip Boit, Mkenya wa kwanza kabisa kwa Olimpiki ya baridi. Yeye alikuwa kwa ile ski ya kukimbia masafa, kilomita 10. Alikuwa ameona theluji kwa miaka miwili tu. Akamaliza wa mwisho, na bingwa wa hiyo mbio, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja pale kwa mstari ndio amkumbatie. Boit alirudi akaita mtoto wake Dæhlie.

Turudi kwa fundi wetu. Miaka iliyofuata ilikuwa yake kabisa. 1999 akachukua dhahabu mbili za ubingwa wa dunia huko Colorado, Marekani. Msimu wa 2000 akamaliza na pointi 2000 kamili, na hakuna mwanaume alimpita mpaka Marco Odermatt wa Uswisi alipofika 2042 mwaka wa 2023. Msimu wa 2001 akashinda mbio 13. Olimpiki ya Salt Lake City ilikuwa inakuja 2002 na swali lilikuwa tu atabeba ngapi.

Halafu nduthi.

Agosti 24, 2001, jioni, alikuwa anarudi nyumbani kwa pikipiki baada ya mazoezi. Karibu na Radstadt gari likakata mbele yake. Mguu wa kulia ukasagika chini ya goti, mfupa nje. Ukishawahi kuona ajali ya boda unajua hiyo picha, sitaichora zaidi. Madaktari walikuwa wanajadili kama mguu ukatwe. Wakamfanyia oparesheni ya masaa kama 7 huko Salzburg, wakaingiza fimbo ya titani ndani ya mfupa. Watu walikuwa wanaomba tu atembee. Salt Lake City ikapita, yeye yuko kwa mazoezi ya kurudisha mguu.

Na kuna kitu watu husahau: kwa ski mguu wa chini ndio usukani. Ule ubao hugeuzwa na buti ngumu, na ile buti inafinya pale pale penye mfupa wake ulikuwa umevunjika. Kila kona ni maumivu. Hiyo ndio maana kurudi kwake naona ni kubwa kuliko Nagano. Nagano ilikuwa siku tatu za roho ngumu. Hii ilikuwa karibu mwaka mmoja na nusu wa kuamka kila asubuhi ukisumbuana na mguu wako mwenyewe.

Januari 2003 akarudi, Adelboden, Uswisi. Wenye huenda raundi ya pili ni 30 bora. Yeye akawa wa 31. Unaeza dhani hapo mtu anajipa shughuli. Ndani ya wiki mbili, Januari 27, akaenda Kitzbühel, mlima wenye hata wakali huuheshimu, mbele ya watu wake, akashinda supa-ji. Kule chini kwa mstari wa mwisho kelele haikuisha. Siku chache baadaye akachukua fedha ya ubingwa wa dunia huko St. Moritz, akiwa sare na Bode Miller wa Marekani.

2004 akabeba kombe kubwa la dunia mara ya nne. 2005 dhahabu ya dunia tena, slalomu kubwa, Bormio. 2006 kule Turin akaongeza fedha na shaba za Olimpiki, akiwa na miaka 33. Ushindi wake wa mwisho wa Kombe la Dunia ulikuja Lake Louise, Kanada, Novemba 2008, na ulikuwa wa 54. Oktoba 13, 2009, akaita waandishi wa habari, akasema imetosha, na yule mwanaume aliyepasua neti mbili bila kulia akatoa machozi mbele ya kamera zote.