Unga wa mbao chini ya nguzo ya Kangemi

Kila kukicha, chini ya nguzo moja ya kibaraza katika mtaa wa Kangemi, karibu na barabara ya Waiyaki Way, kuna unga wa mbao. Hakuna aliyepiga msumeno. Unafagiwa, na kesho yake upo tena.

Fundi seremala wa jirani aliuchota, akautandaza kiganjani nione. Si laini kama vumbi la msasa. Ni nyuzinyuzi fupi, na ndani yake mna miguu ya wadudu, vipande vya mabawa, hata kichwa kizima kilichokauka.

"Mchwa angejenga njia ya udongo, dada, na mbao angeila," alisema. "Huyu haili. Anachonga vyumba, takataka anazitupa nje."

Giza lilipoingia alimulika ufa wa nguzo kwa tochi ya simu. Wakatoka sisimizi wa miguu mirefu, rangi ya kahawia iliyofifia, na madoa ya manjano ubavuni mwa tumbo. Wengine wembamba, wengine wenye vichwa vipana ajabu. Wote watoto wa mama mmoja. Fundi alimshika mmoja akanitaka nimtazame kwa upande: mgongo umepinda kama upinde, hauna bonde, na kiunoni kuna kifundo kimoja tu. Hana mwiba. Huuma, kisha hurushia jeraha asidi.

Alama hizo ni za Camponotus, jenasi yenye spishi zaidi ya 1,000. Madoa yanamwelekeza kwa Camponotus maculatus, aliyeelezwa na Fabricius mwaka 1782, ila ana ndugu wanaofanana naye mno hivi kwamba wataalamu hawajamaliza kuwatenganisha. Na wengi wa ndugu hao hukaa ardhini, chini ya mawe. Mbona huyu yuko kwenye nguzo?

Fundi alichukua bisibisi. Akaichomeka kwenye sehemu kavu ya nguzo hiyo ya saipresi, ikagoma. Akaichomeka chini ya gata inayovuja, ikazama hadi mpini: maji yalikuwa yameilainisha mbao.

Wapo sisimizi wanaowafikisha watu mahakamani: Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kujaribu kusafirisha sisimizi wavunaji, Messor cephalotes. Wa Kangemi wao hununuliwa dawa tu. Mwenye nyumba alikuwa ameshaleta kopo lake. Fundi akamsihi aanze na gata: "Ukiwaua hawa na maji yabaki, mzee, nguzo itaoza na hutakuwa na wa kukuonyesha."

Kilichokuwa kikimsumbua fundi mwenyewe ni malkia. Sisimizi hawa wanaweza kuwa na kiota kikuu mahali pengine, na matawi kadhaa wanamolelewa watoto. Je, malkia yumo ndani ya nguzo hii, au yuko chini ya saruji tuliyosimama, na nguzo mpya itakayowekwa itakuwa tawi lake lingine?