Reli Iliyong'olewa, Sumu Iliyobaki

Kaskazini mwa jimbo la Idaho, Marekani, ipo njia ya baiskeli na waenda kwa miguu yenye urefu wa takriban kilomita 117, kutoka mji wa Mullan milimani hadi Plummer, karibu na mpaka wa jimbo la Washington. Inaitwa Trail of the Coeur d'Alenes. Imewekwa lami, inafuata mto na ukingo wa ziwa, na mandhari yake huvuta wageni kila kiangazi. Ila wageni hao hupewa maonyo ambayo hayajazoeleka kwenye bustani ya umma: msitoke nje ya njia, kuleni mahali palipotengwa, naweni mikono kabla ya kushika chakula. Lami hiyo iliwekwa kwanza kabisa iwe kifuniko. Chini yake kumelala madini ya risasi.

Njia hiyo imepita palipokuwa na reli ya bonde la mto huo, iliyojengwa kuanzia miaka ya 1880 ili kusomba mawe yenye fedha na risasi. Kwa miongo mingi madini yalidondoka kutoka kwenye mabehewa. Isitoshe, mafundi walijazia tuta kwa mabaki ya migodini, kwa sababu yalikuwa karibu na hayakuuzwa. Kwa hiyo kufagia kilichomwagika juu kusingetosha, maana tuta lenyewe lilijengwa kwa uchafu ule ule.

Hatari yake haikuwa ya kubuni. Katika mji wa Kellogg, ndani ya bonde hilo hilo, kiwanda cha kuyeyusha madini cha Bunker Hill kiliunguliwa na chumba cha vichujio vya moshi mwaka 1973, na uzalishaji ukaendelea. Mwaka uliofuata watoto walipimwa damu. Karibu wote walioishi ndani ya maili moja ya kiwanda walikutwa na zaidi ya mikrogramu 40 za risasi kwa desilita. Leo Marekani huanza kufuatilia hali ya mtoto akifikisha 3.5. Eneo hilo liliingizwa mwaka 1983 kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo yenye sumu kali, na mvutano wa kisheria kuhusu reli ukaishia kwenye makubaliano kati ya kampuni ya Union Pacific, serikali ya Marekani, jimbo la Idaho na kabila la Coeur d'Alene. Njia ilifunguliwa rasmi mwaka 2004.

Si kila reli iliyoachwa ni Idaho, na hapo ndipo kazi ya mtathmini wa uchafu wa ardhi inapoanzia. Kwenye reli ya kawaida uchafu huwa na sura zinazojirudia: mataruma ya mbao yaliyolowekwa kreosoti, jivu la makaa ya mawe, dawa za kuua magugu zenye arseniki zilizopuliziwa kando ya reli kwa miaka mingi, dizeli na grisi. (Afrika Mashariki ilipona sehemu ya balaa hili kwa sababu ya mchwa: wajenzi wa reli za zamani huku walitumia sana mataruma ya chuma, ambayo hayahitaji kreosoti.) Mara nyingi uchafu wa tutani huwa mdogo na umetawanyika. Penye karakana, matangi ya mafuta na njia za kupanga mabehewa, mambo hubadilika. Karakana ya Paoli, Pennsylvania, ilihudumia treni za umeme, na mafuta ya transfoma za treni hizo yalikuwa na kemikali za PCB. Yalivuja, yakaingia ardhini, yakafika hata kwenye viwanja vya majirani.

Ndiyo maana mtathmini mzuri hutumia siku zake za mwanzo makabatini. Hutafuta ramani za zamani za stesheni, picha zilizopigwa kutoka angani, taarifa za ajali, ankara za dawa na orodha za mizigo. Huwatafuta wastaafu na kuwauliza mafuta machafu yalikuwa yakimwagwa wapi. Mahojiano haya ni sehemu rasmi ya hatua ya kwanza ya tathmini nchini Marekani, wala hayachukuliwi kuwa soga. Mzee aliyeosha vichwa vya treni kwa miaka 30 anaweza kuepusha uchimbaji wa mashimo mengi yasiyo na maana.

Baada ya hapo ndipo udongo unapoguswa. Sampuli huchukuliwa kwa umbali uliopangwa kando ya tuta, kisha huongezwa pale historia inapotia shaka: kwenye madaraja, makutano ya reli, sehemu za kupakulia. Udongo wa juu hutengwa na ule wa chini, kwa kuwa mtoto hachezei kilicho mita moja ardhini. Wengi siku hizi hubeba kifaa cha mkononi chenye umbo la bastola, ambacho huupiga udongo eksirei na kutoa kiasi cha metali kwa dakika moja au mbili. Kinarahisisha kazi, na kinadanganya pia. Udongo ukiwa na maji mengi, namba hushuka. Tena arseniki na risasi hutoa miale inayokaribiana mno, hivyo penye risasi nyingi kifaa hakiwezi kuisoma arseniki vizuri. Sampuli kadhaa lazima zipelekwe maabara, na kwa risasi Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, linashauri kupima chembe zinazopita kwenye chekeche ya mikroni 150, kwani vumbi laini kiasi hicho ndilo linaloganda viganjani na kuingia mdomoni.

Namba zikirudi, kazi ngumu ni kuzisoma. Kigezo cha EPA cha kuchuja arseniki kwenye udongo wa makazi ni miligramu 0.68 kwa kilo. Udongo wa asili wa Marekani, usioguswa na reli wala kiwanda, huwa na wastani wa 5 hadi 7. Anayelinganisha namba na jedwali tu atatangaza nchi nzima kuwa jalala. Kinachohitajika ni kupima pia udongo wa jirani ambao haukupitiwa na treni, ili ijulikane reli iliongeza nini. Vigezo navyo huhama: Januari 2024 EPA ilishusha kiwango cha tahadhari cha risasi kwa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200, na udongo uliofaulu mwezi mmoja ukafeli mwezi uliofuata bila kusogea.

Halafu kuna swali la nani atakayeugusa. Hesabu ya makazi humchukulia mtu kama anayekaa hapo siku 350 kwa mwaka, kwa miaka 26. Mwendesha baiskeli hupita na kwenda zake. Aliye hatarini zaidi huenda akawa kibarua anayechimba tuta kwenye vumbi la kiangazi, au mtoto ambaye ua wa nyumba yao umepakana na njia. Ripoti isiyowataja hawa wawili irudishwe kwa aliyeiandika.

Kuhusu tiba, kufunika huishinda kuondoa mara nyingi kuliko wananchi wanavyopenda kusikia. Kusomba tuta la makumi ya kilomita kunatimua vumbi, kunajaza barabara malori na kuhamishia tatizo kwenye dampo la watu wengine. Jimbo la Massachusetts lina mwongozo maalumu wa njia za aina hii, unaotegemea sana kufunika tuta, kuzuia vumbi na kutohamisha udongo ovyo. High Line ya New York, iliyofunguliwa mwaka 2009, ilikwenda upande mwingine: kokoto na udongo viliondolewa na rangi yenye risasi ikakwanguliwa kwenye vyuma. Lakini ile ina urefu wa kilomita 2.3 tu, na imesimama juu ya nguzo katikati ya jiji tajiri.

Kifuniko, hata hivyo, ni deni. Lami hupasuka, mizizi huinua kingo, na mto wa Coeur d'Alene ukifurika huleta tope jipya lenye risasi kutoka juu. Bajeti isiyo na fungu la ukaguzi wa kudumu haijamaliza tathmini.

Huku kwetu reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Ardhi ya reli ya zamani katikati ya miji itazidi kutamaniwa, iwe kwa bustani, uwanja wa michezo au vitalu vya mchicha. Halmashauri itakayopewa kipande karibu na karakana ianze na kazi isiyogharimu mashine yoyote: iwatafute wastaafu wa reli wa Tabora, Morogoro na Nairobi, iwaulize mafuta yalimwagwa wapi na dawa zilihifadhiwa wapi, na iyaandike majibu yao kabla ramani ya viwanja haijachorwa.