Nyamukubi Hawaliogopi Ziwa

Ukishuka kutoka Masisi, mashariki mwa Kongo, barabara ya Walikale na ile ya Bukavu hukutana Sake. Shika ya Bukavu, upite Minova, ziwa likiwa kushoto na milima kulia, hadi Nyamukubi, kijiji cha ukingoni mwa Ziwa Kivu katika teritware ya Kalehe.

Mgeni hukodolea macho ziwa na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza. Mwenyeji, wingu likiwa zito, hugeuka kutazama milima. Alhamisi ya tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha huko juu, kwenye miteremko iliyokatwa miti ikalimwa. Mito ikafurika, ikateremsha matope na mawe juu ya Nyamukubi na jirani yake Bushushu. Miili zaidi ya 400 ilipatikana. Watu maelfu hawakuonekana tena. Wengi wa waliopatikana walizikwa katika makaburi ya pamoja, na Jumatatu iliyofuata nchi nzima ikaomboleza.

Alhamisi ni siku ya soko Nyamukubi. Wachuuzi huja kwa boti na kwa barabara, na soko halina daftari la majina. Kwa hiyo hesabu ya waliopotea sidhani itakamilika kamwe: kaya ya kijijini, jirani huijua, lakini mama aliyefika asubuhi na mzigo wake, nani atamtaja?

Kalehe ilikuwa imekwisha kuonja mafuriko ya kuua Oktoba 2014. Na bado watu walijenga palepale, kwa kuwa tambarare ni chache na riziki iko sokoni. Siwalaumu. Hata watafiti wa kimataifa waliochunguza mvua ya 2023 walishindwa kusema mabadiliko ya tabianchi yalichangia kiasi gani, maana takwimu za mvua za eneo hilo ni haba mno.

Kisha vita. Mwaka 2024 maelfu waliokimbia mapigano Masisi waliteremkia Minova, wakapiga vibanda katika ukanda uleule wa ziwa; Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji huo. Mvua kama ile ikirudi, kipima mvua mlimani na mtu mwenye simu vingeweza kuwapa watu wa chini muda wa kukimbia. Lakini milima na fukwe zikigawanywa na wenye bunduki, mtu huyo ampigie nani?