Dawa ya pili ya kifafa yataka uangalifu

Mtoto mwenye kifafa kikali aweza kumeza dawa kwa miezi na bado akawa anaanguka. Hapo daktari humwongezea ya pili. Wazazi huniuliza kwa nini hiyo mpya huanza kwa kipimo kidogo mno, ilhali mtoto anateseka.

Chukua mtoto anayetumia valproeti kisha akaongezewa lamotrijini. Valproeti hulizuia ini kuivunja lamotrijini upesi, hivyo kiasi chake katika damu huweza kufika maradufu. Ikipandishwa haraka, mtoto yumo hatarini kupata upele mbaya unaobabua ngozi, na unaoweza kuua. Ndiyo sababu kipimo huongezwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Fenobabitoni, ambayo watoto wetu wengi huanzishiwa, hufanya kinyume: huimaliza lamotrijini upesi. Basi mwonyeshe daktari kila dawa anayotumia mtoto. Afadhali ubebe chupa zenyewe.

Upele huo hutokea hasa katika majuma 8 ya kwanza, na ni rahisi kudhani ni surua au joto. Usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ukiona homa, macho mekundu au vidonda mdomoni, usikawie hata saa moja.

Dawa ya zamani nayo usiikatize ghafla, kwani mtoto aweza kushikwa na kifafa kisichokoma. Na lamotrijini ikikosekana kwa zaidi ya siku 5, usirudie kipimo cha mwisho kabla ya kumwuliza daktari: huenda ikabidi kuanza tena kutoka chini.