Maumivu ya misuli si cheti cha uhodari

MTAKA cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga. Laiti wangefufuka leo wakapita mjini Nyeri wakati wa jioni, wangewaona vijana wakiinama ilhali mvunguni hamna kitu. Kijana hujitwika chuma kizito mabegani, akachuchumaa mpaka mapaja yakalingana na sakafu, akainuka, akachuchumaa tena, hata zitimie mara ishirini, huku wenzake wakimhesabia kwa sauti kama wamhesabiao mwanamasumbwi aliyeangushwa.

Kumbi hizi za mazoezi, ambazo wengi wetu huziita jimu, zimeenea katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Embu na Meru. Mimi ni miongoni mwa wanaofurahia kuziona. Eneo hili limezika vijana wengi mno kwa sababu ya pombe za sumu, na ni heri mara mia kijana anayetokwa na jasho mbele ya chuma kuliko anayezimia mbele ya chupa. Hata hivyo, pamoja na vyuma imeingia imani moja ambayo sina budi kuikosoa. Imani hiyo husema kwamba asiyeamka na maumivu hakufanya kazi, na kwamba anayepumzika kwa sababu ya maumivu ni mwoga.

Nisieleweke vibaya. Mimi si daktari wala si mlegevu anayetafuta kisingizio cha kukaa kitako. Nimeufuata utaratibu huo wa kuchuchumaa mara ishirini kwa majuma sita, katika jimu moja ya hapa Nyeri, na nimeumaliza. Asili yake ni Marekani, ambako ulipata sifa katika miaka ya 1930 kupitia watu kama Mark Berry na Joseph Curtis Hise, kisha ukafufuliwa na kitabu cha Randall Strossen cha mwaka wa 1989. Kanuni yake ni nyepesi kueleza na nzito kutenda. Mtu huchukua uzito ambao kwa kawaida angeweza kuchuchumaa nao mara kumi tu, naye hutakiwa afanye hivyo mara ishirini bila kuushusha, akivuta pumzi kwa kina kati ya mara moja na nyingine. Siku inayofuata ya mazoezi huongeza uzito kidogo. Aidha, wenyewe humtaka mfuasi anywe galoni nzima ya maziwa kila siku, yaani karibu lita nne. Mfugaji wa Mukurwe-ini angeisifu dini ya namna hiyo. Mimi, ambaye maziwa huyanunua, nilitosheka na bilauri mbili na sahani ya githeri.

Yatokeayo baada ya zoezi la kwanza hayahitaji kutiwa chumvi. Siku yenyewe mtu hurejea nyumbani akijiona simba. Kesho yake huhisi mapaja yamekakamaa. Siku ya pili ndipo hujua kwamba ana misuli ambayo hakuwahi kujulishwa. Kupanda ngazi huwezekana. Kuzishuka ni balaa. Kushuka kutoka kwenye matatu humlazimu ashike mlango kwa mikono miwili huku utingo akimwita mzee. Ama kuhusu choo cha shimo, ambacho humtaka mtu achuchumae pasipo kitu cha kuegemea, nitanyamaza kwa kuwa gazeti hili husomwa na familia nzima.

Swali ni hili: maumivu hayo ni nini hasa, na je, mtu aendelee na mazoezi akiwa nayo?

Wengi huambiwa kwamba yanatokana na asidi ya laktiki iliyobakia misulini. Hiyo ni hekaya. Asidi hiyo huondoka muda mfupi baada ya mazoezi, yapata saa moja hivi, ilhali maumivu huanza kesho yake na kufikia kilele kati ya saa 24 na saa 72. Mapema mwaka wa 1902, Mmarekani Theodore Hough alikwisha kutoa wazo kwamba maumivu ya namna hii hutokana na michaniko midogo ndani ya msuli wenyewe. Mwaka wa 1983 watafiti wengine wa huko huko waliwakimbiza watu kwa dakika 45 juu ya mashine, mara kwenye tambarare, mara kwenye mteremko. Mbio za tambarare zilipandisha asidi damuni lakini hazikuacha maumivu. Mbio za mteremko hazikuipandisha, nazo ndizo zilizowaacha watu wakichechemea.

Hapana shaka wakazi wa miji hii wangeweza kuwapa wataalamu hao jibu bila mashine. Muulize mgeni yeyote aliyetoka Point Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, akarudi kwa njia ya Naro Moru. Atakwambia kwamba kupanda kulimkata pumzi, lakini kushuka ndiko kulikomkata mapaja. Sababu ni kwamba msuli huumia zaidi unaponyooshwa huku ukizuia uzito, kama breki za lori lililosheheni linapoteremka. Mwenye kuchuchumaa na chuma hufanya jambo lilo hilo: kila anaposhuka, mapaja yake huwa breki. Akishuka mara ishirini, amezikanyaga breki mara ishirini.

Lakini mtazame mpagazi wa mlimani aliyembebea mgeni huyo mizigo. Ameteremka njia ile ile, tena na mzigo mgongoni, na kesho yake anatembea kama kawaida. Huo si uchawi. Msuli uliokwisha kuteremka mara moja hujifunza, na kinga yake hudumu kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana katika juma langu la tatu, ijapokuwa chuma kilikuwa kimeongezwa uzito, nilizishuka ngazi kama mtu na heshima zake. Mwili ulikuwa umefunzwa, na ulifunzwa kwa dozi ndogo.

Hapa namkumbuka Catherine Ndereba, binti wa Gatung'ang'a katika Nyeri hii, aliyezaliwa mwaka wa 1972. Dunia humkumbuka kwa muda wa saa 2, dakika 18 na sekunde 47 alioandikisha mjini Chicago mwaka wa 2001, ambao wakati huo ulikuwa rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake. Humkumbuka pia kwa ubingwa wa dunia wa 2003 na 2007. Mimi humstahi zaidi kwa Boston, aliposhinda mara nne: 2000, 2001, 2004 na 2005. Njia ya Boston huanzia mahali palipo juu ya mwisho wake kwa mita zipatazo 140. Miteremko ya mwanzo huyalemaza mapaja ya wakimbiaji wengi kabla hawajavifikia vilima vya Newton. Sidai kwamba mabonde ya kwao ndiyo pekee yaliyompa ushindi; hilo lingekuwa kumpunja jasho lake. Nasema tu kwamba mapaja ya kushindia Boston mara nne hayapatikani kwa mwezi mmoja. Tena mwanamke huyo huyo alikaa nje ya mashindano mwaka wa 1997 alipojifungua binti yake, kisha akarudi akiwa bora kuliko alivyokuwa. Kupumzika hakukumnyang'anya kitu.

Tazama pia kambi iliyokuwa ikipigwa katika Chuo cha Ualimu cha St Mark's, Kigari, kule Embu, ambako timu yetu ya taifa ya mbio za nyika ilijiandalia. Wanaume wetu walitwaa ubingwa wa dunia wa timu kwa miaka 18 mfululizo, tangu 1986 hadi 2003. Husimuliwa kila mara kwamba wanariadha wa kambi hiyo walifanya mazoezi mara tatu kwa siku, nayo ni kweli. Lisilosimuliwa ni walichofanya kati ya zoezi moja na jingine: walikula, wakalala. Wala si kila mbio zilikuwa za kufa na kupona. Mkimbiaji wa Kenya huanza siku yake taratibu kiasi cha kumshangaza mgeni. Tumeiga jasho la mabingwa hao tukausahau usingizi wao.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la awali ni kwamba, naam, mtu anaweza kuendelea na mazoezi akiwa na maumivu ya kawaida ya misuli. Mwendo mwepesi huyapoza kwa muda kuliko kulala kitandani. Lakini yapo maumivu na maumivu. Yale yaliyo butu, yaliyo katika mapaja yote mawili, yanayopungua mwili ukipata joto, hayo ni ya shule. Yale makali kama sindano, yaliyo upande mmoja, au ndani ya goti, au yanayozidi kadiri mtu anavyoendelea, hayo ni ya jeraha. Anayeyachanganya haya mawili kwa jina la uhodari anajichimbia kaburi.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Kijana mmoja wa jirani yangu, mwenye afya ya kuonewa wivu, alirejea kwenye mazoezi baada ya miezi kadhaa ya kukaa. Siku hiyo hiyo akaingia katika shindano na wenzake la nani atachuchumaa mara nyingi zaidi. Kesho yake aliumwa. Akaambiwa akaze moyo, akameza vidonge vya kutuliza maumivu, akarudi tena. Siku ya tatu mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai isiyotiwa maziwa. Madaktari walikuta misuli imevunjika kiasi cha kumwaga uchafu wake damuni na kuzisonga figo. Maradhi hayo huitwa rabdomiolisi. Madaktari Bywaters na Beall wa London waliyaeleza mwaka wa 1941 walipowatibu watu waliofukiwa na vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu. Fikiria, msomaji: madhara ya nyumba kumwangukia mtu, kijana ameyapata kwa kuchuchumaa! Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini baada ya siku nyingi za kulazwa na gharama ambayo wazazi wake bado wanailipa.

Vile vidonge, navyo, si peremende. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo, na kwa mtu aliyekaukiwa na maji ni hatari juu ya hatari. Zaidi ya hayo, huinyamazisha kengele huku moto ukiendelea kuwaka.

Wala ukubwa wa maumivu hauoneshi ukubwa wa kazi. Mwaka wa 2002 Kazunori Nosaka na wenzake walionesha kwamba kiasi cha maumivu hakilingani na kiasi cha madhara yaliyoupata msuli. Mtu anaweza kuumwa sana na awe ameumia kidogo, au aumwe kidogo na awe ameumia sana. Basi yule anayeyatumia maumivu kupima maendeleo yake anapima unga kwa rula.

Iwapo kuna wanaostahili sifa ya kufanya kazi wakiwa na maumivu, ni wachukuzi wa soko la Karatina. Wao hawachuchumai mara ishirini. Siku ya soko huchuchumaa na kuinuka tangu alfajiri, na begani hawana chuma kilichopimwa bali gunia la viazi lililofutuka kwa lumbesa. Kanuni za mwaka wa 2019 kuhusu zao la viazi ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Kikomo hicho kilipaswa kumlinda mkulima asipunjwe, na pia kuulinda uti wa mgongo wa mchukuzi. Muulize mchukuzi huyo kama maumivu ni fahari. Atakujibu kwamba angekuwa na uwezo angelala siku mbili. Ni ajabu kwamba kile ambacho maskini hukivumilia kwa kukosa la kufanya, mwenye nafasi hukinunua kwa ada ya mwezi na kujivunia.

Linalonitia hofu zaidi ni msimu wa kuandikisha makurutu wa jeshi na polisi. Vijana ambao hawajakimbia mwaka mzima hujitupa viwanjani siku chache kabla ya usajili, wakitaka kuyafanya kwa wiki moja mambo ya miezi sita. Siwalaumu, kwani kazi ni adimu na tangazo huja ghafla. Lakini mwili hausomi tangazo la gazeti.

Wakati umefika kwa wenye jimu kuyabandua ukutani yale maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba maumivu ni udhaifu unaouaga mwili, na badala yake wabandike mambo manne: anayeanza aanze na chuma kitupu, anayerejea baada ya kukaa ajihesabu mgeni, maji yanywewe, na mwenye mkojo mweusi akimbilie hospitali siku hiyo hiyo bila kumeza kidonge. Mwalimu wa mazoezi asiyeweza kumwambia kijana "leo inatosha" hajawa mwalimu bado. Nao vijana wetu wajue kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kwamba nguvu hujengeka usiku, mtu akiwa amelala. Tunawataka wawe na nguvu wakiwa na miaka hamsini, wala si mwezi huu tu.